Musiseme Ni Rezo

Wamenipa kitenge na saa ya ukutani, wakanipigia makofi, kisha wakaniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu ili nyinyi vijana munaobaki mupate kujifunza. Bon, naandika. Kama walifikiri Mama Masika ataandika maneno matamu ya shukrani, wamekosea mulango. Mimi nimepata retrete, nimestaafu, hasira yangu bado.

Kazi yangu ilikuwa kupanga ginsi faili kubwa zinatoka hospitalini kwetu hapa Goma na kufika Bukavu, Kinshasa ao Ulaya bila kuzibia wengine njia. Jina la hospitali sitaliandika. Munalijua, na asiyelijua halimuhusu. Watu walifikiri ni kazi ya kubonyeza kidude na kungojea. Faili isipofika, walikuja kwangu na neno moja tu, lile la mutandao: rezo. Mugonjwa hakupata jibu, ni rezo. Rapori imepotelea njiani, ni rezo. Mutu amelala kazini mupaka mate yamutoke, ni rezo. Siku hizi tunautaja mutandao sawa vile tunataja mapenzi ya Mungu: mutu anainamisha kichwa, anarudi kwake, hakuna anayeulizwa kitu. Neno lile linanichoma roho mupaka leo, na mukifika mwisho mutajua sababu.

Nilianza kwa foni. Nyinyi hamuijui. Ilikuwa redio ya kusemea, na antena yake ilikuwa waya murefu uliofungwa kati ya miti miwili ya avoka nyuma ya hospitali. Hakuna mutu aliyekuwa na telefone mufukoni wakati ule. Vituo vyote vya afya, tangu barabara ya Rutshuru mupaka kule milimani Masisi, vilisemea kwa foni moja, kila kituo kwa saa yake. Mukubwa wangu alikuwa Papa Cikuru, Mushi kwa kabila, wa upande wa Bukavu, mukatoliki wa benchi ya mbele, mutu mwenye sauti ya polepole mupaka unataka kumumalizia maneno. Siku ya kwanza aliniketisha pembeni yake, akanivalisha vile vya masikio, akasema: "Mutoto yangu, leo usiseme kitu. Usikilize tu."

Nikasikiliza. Kituo kimoja kilianza kusema, kingine kikaingilia, cha tatu kikapiga kelele juu yao, na hakuna hata kimoja kilichosikiwa. Papa Cikuru aliwaacha wachoke. Kisha akashika kipaza sauti.

"Rutshuru, una nini?"

"Mama wa kuzaa, Papa. Mutoto amelala vibaya tumboni."

"Masisi, wewe una nini?"

"Rapori ya mwezi!"

"Rapori haitokake damu. Masisi, ungojee. Rutshuru, sema yote."

Kazi yote nimeifanya na maneno yale. Nimepita formasyon nyingi, mafunzo ya kila namna, nimekaa mbele ya wazungu na wahindi wenye michoro ya rangi ukutani, na sijasikia yaliyoyapita. Rapori haitokake damu. Muyaandike juu ya mulango wa chumba cha seva, na mimi nitawalipia rangi.

Foni iliondoka, ikaja sahani kubwa ya satelite juu ya paa. Papa Cikuru aliiona, akaizunguka, akauliza kama ndege hawatafanya kiota ndani. Walifanya. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, na watu wa biro zote, kila ofisi, walikuwa na tabia moja: wakitoka tu kwa mukutano wa asubuhi, kila mumoja anatuma faili yake. Zote pamoja! Zinasukumana mulangoni, hakuna inayopita, na kila inayoanguka inaanza tena tangu mwanzo. Muchana watu wanakuja kwangu na nyuso za kilio: "Mama Masika, rezo iko mubaya leo." Eti leo. Ilikuwa mubaya kila siku saa ileile, na sababu ilikuwa wao wenyewe.

Dawa sikuipata kwa kitabu, niliipata kwa robine, bomba la maji la mutaani. Ninaishi Katoyi, na maji yakikatika kwetu tulikuwa tunashuka kuteka upande wa Ndosho. Siku moja kijana wa tshukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, alifika na bidoni ishirini, madumu ya maji ya kuuza. Alikuwa wa kwanza katika mustari, na akataka kuzijaza zote kwa mara moja. Wamama walimurukia: "Eh! Jaza mbili, usogee! Sisi hatupikie watoto mate!" Akajaza mbili, akasogea. Mama mumoja akajaza yake moja, mwingine moja, kisha yeye tena mbili. Kabla jua halijawa kali amemaliza zote ishirini, na hakuna aliyerudi mikono mitupu. Katikati ya mambo yale akafika mama mwenye kitambaa cha kilio kichwani. Kwake kulikuwa musiba. Hakuomba, hakusema kitu. Watu walisogeza bidoni zao na miguu, akateka, akaenda.

Nilirudi kazini, nikapanga rezo vile. Faili kubwa naikata vipande. Kinapita kipande, inasogea, ndogo za wengine zinapita, kisha kipande kingine. Umeme ukikatika, na kwetu hapa unakatika, inaendelea kwa bidoni ilipoishia, hairudi kwa ya kwanza. Ikifika kule, mashini ya kule inahesabu vipande na kuvilinganisha na vya kwetu, ju faili iliyofika nusu ni uongo mutupu. Faili moja ikitakiwa na watu wengi wa Kinshasa, haitumwi mara nyingi. Inatumwa mara moja kwa mashini moja ya kule, nao waigawanye kati yao. Na mwenye musiba anapita mbele. Kwetu mwenye musiba ni picha za mugonjwa ambaye daktari anamungojea na kisu mukononi. Hakuna mwingine. Si directeur, si padri, si mimi.

Zile kubwa sana, kopi za juma zima, nilizipeleka wakati wa salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote. Jumamosi asubuhi muji wote uko inje na fagio na panga, maduka yamefungwa, biro zimefungwa, hakuna anayetuma video ya arusi. Hakuna saa tamu sawa ile kwa rezo ya Goma. Ni chef wa kartie tu, mukubwa wa mutaa wetu, aliyenisumbua, ju hakuniona na fagio. Nikamuelezea kama niko nabeba faili kwenda Bukavu. Akaniangalia mikono, akaniangalia miguu. "Mama, mimi ni mutu muzima. Muzigo gani unabebwa mutu akiwa ameketi?" Nikalipa amande yangu, ile faini, tukabaki marafiki.

Miaka ilipita hivyo, na siwadanganye, ilikuwa kazi nzuri. Kisha akaja Bwana AG. Kwa wasiojua hospitali zetu, AG ndiye anayesimamia pesa na watumishi. Madaktari wanasimamia magonjwa, yeye anasimamia vingine vyote. Alikuja na kostimu ya bluu na neno moja mudomoni: tuonekane. Tupake geti rangi, tuonekane. Tupige picha na wageni, tuonekane. Mimi sina shida na mutu wa kupenda kuonekana. Lakini alikuja mupaka kwa mustari wangu.

Aliagiza nifungue njia moja juu ya njia zote, akaiita Protokole. Faili ikiingia Protokole, zote zingine zinasimama kimya mupaka imalize. Neno la siri la njia ile lilikaa kwa sekretere wake, si kwangu. Katika mukutano, mbele ya wote, nikasimama.

"Bwana AG, kwa robine anayepita mbele ni mwenye musiba, si mwenye kravati."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mama Masika, hospitali si robine."

"Ni kweli," nikamujibu. "Kwa robine kuna adabu."

Nikaketi. Kesho yake mutu wa Kinshasa akaingia kwa mashini zetu kutokea kule, akafungua Protokole bila mimi. Basi.

Sasa nifike kwa lile ambalo linaniamsha na hasira. Juma lile tulipata skaneri mupya, mashini ya kupiga picha ndani ya mwili. Siku ya tatu ya juma ikawa sherehe: fanfare, ribani, hotuba juu ya hotuba, kamera kila pembe. Kesho yake asubuhi akafika Mama Bahati, mulimaji wa mashu, zile kabichi, wa Kibumba, ameshikwa mukono na bwana yake, Papa Bahati, mutu mufupi mwenye buti za mpira. Mama yule alikuwa anaona sawa mutu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Pembeni zote ni giza, katikati ndipo mwanga ulibaki. Dokta Paluku, mupasuaji wetu, akamupitisha kwa skaneri, akaona kitu kimemea nyuma ya macho. Alitoka akawaelezea mbele yangu, wazi, bila kuzunguka: kitu kile kinafinya mishipa ya macho. Kikitolewa upesi, macho yanabaki. Kikingoja, yanazimika, na yakizimika hayarudi.

Hapa kwetu hakuna wa kukitoa. Lakini Mungu alikuwa amefungua mulango: juma lile mupasuaji wa vichwa kutoka mbali alikuwa Bukavu. Dokta Nabintu, musomaji wa picha wa kule, alimwambia Dokta Paluku kwa telefone: "Nitumie picha zote. Anachagua wagonjwa wake wa mwisho kesho saa sita muchana, kisha anapanda gari na kwenda. Akiona picha, atamungojea huyo mama." Basi tulikuwa na muchana ule mupaka kesho saa sita. Kwa rezo yetu, mukiiacha ipumue, asubuhi moja inatosha.

Nikaziweka picha katika mustari, mbele kabisa, nafasi ya mwenye musiba. Hazikusogea. Nikaangalia: Protokole imefunga njia. Video ya sherehe inapanda Kinshasa. Sherehe ya skaneri ileile! Nikapanda ngazi mbio kwa AG, nikamukuta na wageni.

"Bwana AG, simamisha video kidogo. Iko mugonjwa."

"Mama, unajua nani anaingojea ile video kule juu?"

"Sijui. Najua anayengojea picha."

"Kila mutu na urgence yake, dharura yake. Video inaisha leo, kisha picha zako zinapita."

"Si picha zangu! Ni macho ya mama mumoja."

Akatabasamu kwa wageni, sawa vile unatabasamu mutoto akimwaga chai. Nikamuomba disque moja ya inje, nitie picha, boti ya asubuhi izipeleke Bukavu. Disque zote zilikuwa kwa kabati yake, na ufunguo ulikuwa wake. Munajua alinijibu nini? "Tumekata ribani jana, halafu picha za skaneri mupya zisafiri kwa boti pamoja na magunia ya makala ya kupikia? Watu watasema nini?" Mungu wangu. Mutu anapoteza macho, yeye anaogopa watu watasema nini.

Nilirudi kwa mashini. Video ilikuwa karibu kwisha kweli, imebaki kidogo tu, na ikimaliza picha zitaondoka zenyewe. Papa Bahati alikuwa ameketi kwa ngazi ya inje. Aliniuliza kama zimeenda. Nikamwambia ziko mulangoni, zinapita jioni hii. Akashukuru mara nyingi, akapanda moto, ile pikipiki, pamoja na bibi yake kwenda kulala kwao Kibumba, ju waliacha watoto peke yao.

Asubuhi ya siku ya tano nikafungua mashini. Picha ziko palepale! Kumbe mbele ya kufunga biro, sekretere aliambiwa wakubwa watano kule Kinshasa wanataka video, kila mumoja yake. Akaituma mara tano. Mara tano, nyinyi! Muzigo mumoja, njia moja, muji mumoja! Na kila ilipoanguka aliianzisha tangu mwanzo, ju alikataa kuikata vipande: AG alimuambia isikatwe, eti itapoteza uzuri. Faili ikikatwa na kuungwa hakuna herufi inayopotea. Nimelieleza hilo mupaka sauti ikakauka. Watu walifikiri video ni shati.

Telefone ikalia. Dokta Nabintu. "Mama Masika, picha? Daktari ameniuliza mara mbili."

Sikupanda tena kwa AG. Niliingia chumba cha mashini, nikashika waya unaotoka sekretariati, nikauchomoa na mukono wangu. Kisha nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kabati la waya. Picha zikaanza kuondoka, kipande kwa kipande, zinakimbia sawa wanafunzi waliofunguliwa mulango. AG akafika na kravati imepinda. "Mama Masika, umeharibu! Rudisha waya!" Nikamuambia anitoe yeye mwenyewe pamoja na kiti. Mimi ni mama muzito, muliniona. Akasimama pale, akapiga telefone, akatukana kwa Kifaransa, akaenda. Niliangalia namba tu. Nilikuwa nasali na natukana kwa pumzi moja, na sijui gani ilisikiwa.

Saa sita ilipofika, picha nyingi zilikuwa zimeingia Bukavu, na zile za nyuma ya macho, zile zenyewe, zilikuwa bado njiani. Zilifika muda kidogo baadaye. Hata moja haikukosekana. Nikapiga telefone kabla Dokta Nabintu hajanipigia.

"Zimefika, Mama," akasema. "Ni safi kabisa. Kinaonekana, na kingetoka." Nilijua kabla hajamaliza. "Ameenda. Alingoja kidogo, dereva akamuhimiza ju ya barabara. Nimepiga namba yake, haipiti."

Nilibaki na telefone mukononi. Mimi si mutu wa machozi, lakini siku ile nililia ndani ya chumba cha mashini, na feni za mashini zikanifunika sauti. Dokta Paluku na Dokta Nabintu walitafuta mupasuaji mwingine kila pembe: Kampala, Kigali, Kinshasa. Wakati walipompata, pale katikati pa macho ya Mama Bahati, palipobaki na mwanga, palikuwa pamefunga. Walikitoa kile kitu, na mama ni muzima. Haoni.

Yaliyonipata mimi kwa ajili ya waya ule, tuyaache. Nilipewa barua, nikaiweka chini ya sufuria. Ninalotaka mulibebe ni lile la siku ambayo Mama Bahati na bwana yake walirudi kwa kontrole, kupimwa tena. Nilikuwa koridoni. Mama Bahati alikuwa ameshika koti ya bwana yake kwa nyuma, anatembea anapapasa na mguu. Bwana AG akatoka biro yake, akawaona, na akafanya uso wa huruma. Aliwashika mikono wote wawili.

"Papa, Mama, pole sana. Tulijitahidi sana. Lakini munajua Goma yetu. Ni rezo."

Papa Bahati akainamisha kichwa. "Tunajua, Bwana. Ni rezo."

Vile alivyosema, polepole, bila uchungu, sawa mutu anayekubali mvua ya mawe shambani! Damu ikanipanda kichwani.

"Si rezo, Papa," nikasema. "Musikubali. Picha za mama zilisimamishwa ili video ya sherehe ipite. Ilipita mara tano. Huyu hapa ndiye aliagiza. Nilimuomba, akakataa. Nilimuomba boti, akakataa."

Mama muuguzi mumoja alisimama na sahani ya dawa mikononi, hakuendelea. Bwana AG akafungua mudomo: "Mama Masika amechoka, hii ni mambo ya teknike..." Hakumaliza.

Mama Bahati aligeuza uso, akatafuta mahali sauti yangu ilikuwa. "Mama," akaniuliza, "kumbe ilikuwa inaweza kupita?"

"Ilikuwa inaweza, mama yangu. Asubuhi moja tu."

Papa Bahati hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliondoa kofia yake, akaizungusha mukononi.

"Sisi usiku ule wa kungojea picha tulipita kwa katekista," akasema. "Tukatoa nia ya misa. Asubuhi padri akaisoma mbele ya watu wote: tuombee rezo ya hospitali ya Goma. Kibumba yote ilipiga magoti. Hata wazee wasiojua rezo ni kitu gani waliitika." Akamuangalia Bwana AG usoni, kwa heshima kabisa, sawa mutu anayeuliza njia. "Kumbe tulikosea wa kuombea. Siku ya Mungu, Jumapili hii, nitamuambia padri arudilie nia ile. Wewe, Bwana, jina lako la ubatizo ni nani?"